Karatasi ya Lorraine

Wendell, muuza viatu vya mlimani, alimpa Lorraine masharti mawili: asivae soksi za pamba, na asipande mlima Monadnock bila kumwachia mtu karatasi ya safari.

"Unaandika njia utakayopita na saa ya kurudi. Usiporudi, huyo mtu anawaita waokoaji. Mlima hauna adabu, mama."

Lorraine alikuwa mjane wa miaka sitini na mbili, na maishani mwake hakuwahi kupanda hata kilima. Kwa siku tatu alijipanga mezani: maji, tochi, koti la mvua, mkate na siagi ya karanga. Karatasi nayo akaiandika kwa mwandiko mzuri, kisha akabaki ameishika. Ampe nani? Yeye na dada yake hawasemezani tangu mazishi ya mumewe, Roland. Jirani kahamia Florida bila hata kuaga. Padri? Huyo mpaka leo humwita Loretta!

Ijumaa akarudi dukani, akaiweka karatasi mbele ya Wendell.

Wendell akaangua kicheko. "Aa, mama! Mimi nilikuuzia viatu, sikukuposa!"

Lorraine hakucheka. Kicheko kikamfia Wendell mdomoni. Akaisoma karatasi yote, akachukua kalamu.

"Haya. Kesho, saa kumi jioni. Ukichelewa, kabla sijawaita waokoaji, nikipiga simu nyumbani kwako atapokea nani?"

"Wewe piga tu," alisema Lorraine. "Ikiita bila kupokelewa, ujue sijarudi."