Kiti cha Nyuma

Wanunuzi wa magari madogo wana maneno kuliko wanunuzi wa malori. Anayetaka lori hulizunguka mara moja, hupiga tairi teke, husikiliza injini, basi. Lakini anayetafuta kigari cha milango mitano huja na mke, shemeji na fundi, na kila mmoja ana lake. Kinakunywa mafuta kiasi gani? Tumbo linagusa kwenye matuta? Spea zinapatikana hapa Busia au mpaka Kampala? Benedeta alikuwa ameyajibu maswali hayo kwa miezi mitatu, tena bila kigugumizi, kwa sababu kigari chake cha buluu kilikuwa kizima. Kilikuwa kimempeleka kufundisha huko Merikit, upande wa Tororo, kwa miaka mitano, mvua na jua, na hata siku moja hakikumlaza njiani.

Swali moja tu ndilo lililomshinda: je, kiti cha nyuma kinalala?

Kevo, muuza mayai kutoka upande wa Kenya, aliuliza hivyo hivyo akiwa tayari ameshika simu alipe. "Madam, gari iko fiti, siwezi danganya. Lakini mimi nabeba trei. Hiyo kiti ikilala, mimi naondoka nayo leo leo."

"Hakilali," Benedeta alisema. "Kishikio kimekwama."

"Wacha nijaribu."

Benedeta akasimama kati yake na mlango wa nyuma, mgongo umeubana mlango. Kevo akacheka kidogo. "Madam, kwani unauza ama unalinda?" Akapanda pikipiki iliyomleta Lumino, nyumbani kwa Benedeta, akaenda zake. Mnunuzi mwingine, Paddy wa Masafu, naye alikuja na mkewe, akaambiwa hayo hayo, akaondoka akinung'unika kwamba watu wengine wanatangaza gari ili wapate wageni tu.

Kishikio hakikuwa kimekwama. Ila tangu alipokilaza kile kiti ili jeneza la binti yake lipate nafasi, kisha akakiinua jeneza lilipotolewa, Benedeta hakuwa amekigusa tena.

Nerima alikuwa na miaka saba. Malaria ilimpanda kichwani Jumanne, Alhamisi asubuhi akafa katika hospitali ya Tororo, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama yake. Maloba, baba yake, alikuwa na lori njiani kutoka Juba. Hakukuwa na wa kungojwa. Seremala alipoleta jeneza, Benedeta alikilaza kiti mwenyewe, akatandika leso yake ya kijani ili mbao zisiteleze, na watu wakalisukuma ndani. Jinsi gari lile lilivyo dogo, alidhani mlango wa nyuma ungebaki wazi ufungwe kwa kamba. Haukubaki wazi. Ulifungika vizuri, kama siku za kubeba madaftari, na hilo ndilo lililomkata maini kuliko yote.

Kwa akina Maloba, mtu aliyefia mbali haletwi kimya kimya. Anayemleta husema naye njia nzima. Kila mkifika maji, humwambia: sasa tunavuka, njoo. Kila mkiacha barabara, humwambia: tunakata hapa, usibaki nyuma. Mkiingia langoni, humwambia: tumefika, shuka. Asiyeambiwa hajui, na asiyejua hubaki pale alipoachwa. Benedeta aliijua desturi hiyo vizuri. Aliishuhudia walipomleta baba mkwe kutoka Jinja. Lakini siku ile alishika usukani na ulimi ukagoma. Kumwambia mtoto "tunakwenda nyumbani" ilikuwa ni kukubali kwamba yuko kule nyuma, ndani ya mbao, na hilo Benedeta hakuliweza. Amulen, mwalimu mwenzake aliyekaa kando yake, alikuwa wa kabila la Wateso, kutoka Kwapa. Kwao hawafanyi hivyo, akadhani kimya kile ni cha huzuni tu. Naye akanyamaza. Wakavuka mto wa kwanza, wakavuka wa pili, wakapita Busia, wakakata kwenda Lumino, na gari zima halikutamka neno.

Mama mkwe wake, Mugeni, alikuwa langoni. Hata hakungoja injini izimwe.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia, mama," Benedeta alijibu, macho yakiwa kwenye usukani.

Uongo wa maneno mawili. Alikuwa ameubeba mwaka mzima, na ulikuwa mzito kuliko jeneza. Aliomba uhamisho, akaanza kufundisha hapo hapo Lumino, na gari likabaki uani likipigwa na vumbi. Kila alipopita kando yake alihisi kwamba mtoto amekaa kule nyuma, mwenye adabu kama alivyokuwa, akingoja kuambiwa ashuke. Maloba naye hakuwa akitaka kuliona. "Liuze, Mama Nerima," alisema kila aliporudi safari. "Hii gari itatumaliza sisi wote." Hakujua anachoomba. Benedeta alitangaza gari kwa ajili ya mumewe, na akalikinga kwa mgongo kwa ajili ya binti yake. Kumpa mgeni funguo ilikuwa ni kumpa na mtoto.

Nyumbani pale kulikuwa na jambo jingine, ambalo Benedeta alilihesabu kuwa ni uzee tu. Tangu mazishi, Mugeni hakutaka lango lifungwe. Ni lango la nguzo mbili tu za kupitisha kwenye matundu ya miti ya pembeni, lakini alizilaza kwenye majani na akakataza mtu kuzigusa. Mbuzi walitoka, ng'ombe wa jirani waliingia wakala mihogo. Maloba alipolalamika, mama yake alimjibu mara moja tu: "Liache. Si wote wako ndani."

Hadijah alikuja siku ya Jumatano, na Sulaiti, mdogo wake, fundi wa magari. Ni mwanamke wa Busia mjini, muuza vitambaa, mnene, mwenye sauti ya kuitia watu sokoni. Alitaka gari la kupeleka marobota gulioni, dogo la kupenya kwenye vichochoro vya soko. Sulaiti alifungua boneti, akasikiliza, akalala chini akachungulia, akainuka akijipangusa.

"Dada, hii imetunzwa. Chukua."

"Kiti?" Hadijah akauliza.

"Hakilali," Benedeta akasema haraka. "Kishikio kimekwama."

Alikuwa amechelewa. Sulaiti alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma na mkono wake uko ndani. Alivuta mara moja. Kiti kikalala bila hata kulia, na kutoka kwenye mkunjo wake ikaanguka leso ya kijani, imejaa vumbi, katikati ina alama mbili ndefu za mbao.

Sulaiti alimtazama dada yake. Hadijah alimtazama Benedeta, na uso wake ukabadilika.

"Madam, hii kitu nzima unasema imekufa? Mimi sijawahi ona mtu anauza kwa kuharibu. Sasa sema. Nini ingine unaficha?"

Benedeta alikaa chini pale pale kwenye majani, na akasema. Hakuwahi kumwambia mumewe, hakuwahi kumwambia padri, na sasa alimwambia muuza vitambaa ambaye hakumjua saa moja iliyopita. Alisema juu ya jeneza, mlango uliofungika, mito miwili, na jibu alilompa mama mkwe. Alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu Mugeni alikuwa nyuma ya nyumba akipalilia.

Sulaiti alinong'ona maneno ya kumwombea maiti, akasogea pembeni. Hadijah aliiokota leso, akaikung'uta, akaikunja pembe kwa pembe kama mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote. Alikaa naye chini, mzito, akahema.

"Sikia, mwalimu. Sisi kwetu kubeba maiti si mkosi. Ni thawabu. Gari imebeba mtoto, imemfikisha, mimi siogopi hiyo." Akaiweka leso mapajani mwa Benedeta. "Lakini kama mtoto hajaambiwa, mimi siwezi kwenda na yeye Busia. Mimi niko na wangu wanne. Siwezi chukua mtoto wa mtu."

"Nifanye nini?"

"Si unajua njia? Rudi umchukue. Mimi nakuja Jumamosi."

Kesho yake, Alhamisi, Benedeta aliomba ruhusa shuleni, akaendesha peke yake mpaka Tororo, kiti kimelala, leso imetandikwa. Njia ya kwenda haikumpa shida. Hakuwa na mtu wa kumsemesha. Aligeuza gari mbele ya hospitali, akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akasimama. Askari wa getini akamkaribia.

"Mama, unakuja kuchukua mgonjwa?"

"Mtoto wangu."

"Ameruhusiwa?"

"Ndiyo," Benedeta akasema. "Ameruhusiwa." Akafunga mlango taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha aliyelala.

Mto wa kwanza ulimshinda. Aliona mafunjo, akaona daraja, akafungua kinywa, na kabla neno halijatoka magurudumu yalikuwa yamekwisha kuvuka. Alisimama. Akarudi kinyumenyume juu ya daraja, lori nyuma yake likilazimika kurudi pia, likipiga honi na dereva akimtukana kwa lugha tatu za mpakani, mpaka akafika ukingo aliotokea. Hapo alizima gari. Alilia mpaka kifua kikamuuma. Kisha akasema, kwa Kisamia, lugha ya nyumbani, kwa sauti aliyokuwa akimwamshia asubuhi za shule:

"Nerima. Mama yuko hapa. Tunavuka maji sasa. Njoo na mimi."

Akavuka. Baada ya hapo hakunyamaza tena. Alimwambia kwenye mto wa pili. Alimwambia walipofika Busia, na akamwonyesha mahali alipokuwa akidai mandazi kila Ijumaa, akamwomba radhi kwamba mara nyingine alimnyima. Alimwambia walipokata kwenda Lumino. Alimweleza kwamba shule ya Lumino ina watoto wengi, kwamba baba yake amekonda, kwamba yeye mwenyewe aliogopa na ndiyo maana alinyamaza, na kwamba halikuwa kosa la mtoto. Watu wa njiani walimwona mwanamke anaongea peke yake garini, na bila shaka walidhani ni simu.

Lango lilikuwa wazi, kama kawaida. "Tunaingia nyumbani," alisema, akaingia.

Mugeni alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko akimenya karanga, Maloba kando yake akiwasha redio. Benedeta alikwenda nyuma ya gari, akafungua mlango, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake.

"Mama, siku ile nilikudanganya. Sikumwambia. Hata mto mmoja."

Maloba akainuka nusu, akabaki hivyo. Redio ikaendelea kusema peke yake mpaka akaizima. Mugeni hakumkaripia. Aliweka ungo chini polepole, karanga zikamwagika, hakuzitazama.

"Na leo?"

"Leo nimemwambia yote. Limebaki la mwisho. Hilo siliwezi peke yangu."

Bibi kizee alisimama, akaja mpaka nyuma ya gari. Akainama, akaingiza mikono miwili ndani, akaikusanya leso ya kijani kifuani kama mtu anayempokea mtoto mwenye usingizi. Wakasema pamoja, mama na nyanya, mmoja sauti imekwaruza na mwingine sauti imekatika: "Nerima, tumefika. Shuka."

Wakaenda wote watatu mpaka nyuma ya migomba, kwenye kaburi dogo. Mugeni akaitandika leso juu yake, akailainisha kwa kiganja. Maloba, ambaye hakuwepo siku ya kuzika, alikaa chini na kulia kama mtoto, na Benedeta akamshika bega.

Jua lilikuwa bado juu. Mugeni aliwaacha hapo, akatembea kwa mwendo wake wa polepole mpaka langoni. Akaziinua zile nguzo mbili zilizolala kwenye majani mwaka mzima, akazikung'uta mchwa, akazipitisha kwenye matundu yake, ya chini kwanza, kisha ya juu.

"Sasa," akasema, "wote wako ndani."