Bwana Kidogo-Tu wa Nchi ya Kengele

Kwetu anayesimulia ndoto huulizwa kwanza alikula nini, basi nijibu mapema tusisumbuane: muhogo wa nazi, sahani yangu na nusu ya sahani ya mtu mwingine. Lakini kilichonilaza alasiri ile si muhogo, ni jembe. Tangu asubuhi mimi na Shangazi Mwanakombo tulikuwa tukifukua tuta lake la mrehani. Ua moja la zambarau, lenye umbo la kengele, lilikuwa limelivamia lote hadi likabaki shina moja tu la mrehani, limejikunyata kama mkwe aliyekosa kiti. Shangazi hufunga vikuba vya maharusi, vile vishada vya maua na majani ya kunukia, na mrehani ule wenye harufu kali aliachiwa na mama yake. Shina lile likifa, limekufa na kazi yake. Tulilitoa tukaliweka kwenye beseni la maji, lipandwe upya jioni tuta likishasafishwa. Nami nikaomba tubakize kengele kidogo pale ukutani, maana wapita njia wanazisifia.

"Faki, wewe hata simba akiwa na macho mazuri utamtandikia kitanda," akasema Shangazi. "Lala kwanza. Tutaongea jua likipoa."

Nikajinyoosha mkekani na mdomo wangu nimeuvuta, na kabla sijamaliza kununa nikajikuta katika nchi ambayo sikuwa nimeiomba. Hapakuwa na njia wala jiwe, kengele tu, za zambarau, zimepanda juu ya mapaa na kuziba visima, nazo zikilia kwa sauti nyembamba ingawa upepo haukuwapo. Katikati yake walisimama watu, maua yamewafika shingoni, na wote wanatabasamu. Nikamuuliza mama mmoja kama nimsaidie kutoka. "Hapana mwanangu, nafasi bado ipo," akanijibu, na kabla hajafunga kinywa ua likachanua juu ya ulimi wake. Mimi ni mtu wa mizaha, hata msibani hukanywa, lakini hapo sikupata hata mmoja.

Ndipo kikaja kijibwana kisichofika goti langu, kanzu imepigwa pasi, kofia safi, adabu tele.

"Usiogope, kaka. Naitwa Kidogo-Tu. Nipe nafasi hapo kwenye unyayo, sili wala sinywi."

"Na hawa wote umewafanya nini?"

"Mimi? Hawa ni wenyeji wangu. Kila mmoja alinikaribisha mwenyewe."

Nikataka kumcheka, nikainamisha macho, nikakuta sauti yake sasa inatoka usawa wa kiuno changu. Sikumwona akikua. Nikajaribu kuinua mguu, mguu ukakataa, na chini ya ngozi nikahisi kitu kinatambaa taratibu, bila haraka, kama mtu anayejua nyumba ni yake.

Nikapiga ukelele. Akaja mwanamke mrefu, kucha zimejaa udongo, beseni mkononi, akitazama kila anapokanyaga. Akasema jina lake ni Makini. "Kijana, huyu ukimkata kwa jembe, kila kipande kinakuwa yeye. Ukimfunika, atapita chini. Hutolewa kwa vidole, uzi kwa uzi, na anayemtoa hana budi kuvumilia kuumwa mgongo." Akanishika mabega akaning'oa ardhini kama mche, nami nikaona, kwa hofu ambayo bado ninayo, kwamba nina mizizi. Akaiosha ndani ya beseni. Kati ya ile ya kahawia zilijisokota nyuzi nyeupe, laini, nyingi, akawa anazivuta moja moja, na kila moja ikiuma kama jino. Akafika kwenye uzi uliopanda hadi kifuani.

"Huo uache, Bi," nikamsihi. "Huo ni mdogo."

Kengele zote zikanyamaza. Zile nyuso zikanigeukia kwa pamoja, zikitabasamu kama ndugu wanaompokea mgeni wa harusi. Bi Makini akaondoa mkono wake. "Sing'oi ninachokatazwa," akasema, akaanza kwenda zake. Nikahisi kitu chororo kinafunuka juu ya ulimi wangu. Nikaushika ule uzi kwa mikono miwili nikavuta, nikavuta huku nalia.

Nikaamka nimejishika fulana. Jua lilikuwa limepoa. Shangazi alikuwa amepiga magoti tutani, ameshachimba shimo la mrehani, na pale ukutani kengele zangu zimesimama vilevile.

"Nimekubakizia," akasema. "Usije ukaninunia wiki nzima."

Hapo nikaelewa yule bwana hupitia wapi: hupitia kwa watu wanaotupenda. Nikalichukua shina kabla halijaingia shimoni, nikaligeuza kwenye mwanga. Katikati ya mizizi palikuwa na uzi mweupe. Shangazi akaushika mdomo wake.

"Nimeliosha mimi mwenyewe, Faki."

"Tuoshe tena."

Tukauvuta ule uzi taratibu hadi ukatoka wote, tukaliosha hadi maji yakatoka safi, akalipanda. Mimi nikahamia ukutani, nikafukua kwa vidole, nikafuata mzizi mmoja mnene hadi ukazama chini ya ukuta, kwenda kwa jirani yetu Bi Kibibi, ambaye tangu wiki iliyotangulia alikuwa akijisifu ua zuri limejiotea lenyewe uani kwake. Nikasimama, nikajifuta magoti.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Bi Kibibi. Lazima lake nalo litoke."

"Atakutukana mpaka wa mtaa wa pili wasikie."

"Najua," nikasema, nikaenda kupiga hodi.