Breki ya Kidole Gumba

Wenzangu wa parking ya pikipiki pale Lumumba walipochanga wakaninunulia kigari cha magurudumu matatu, kile cha walemavu, niliwashukuru, nikakikagua kuanzia taa ya mbele hadi kisanduku cha nyuma, kisha nikawarudishia. Sikumtukana mtu. Nilisema tu wampe mwingine mwenye shida, kwa sababu mimi Bienvenu narudi kwenye magurudumu mawili, kwenye moto, ndivyo tunavyoiita pikipiki huku kwetu. Rais wetu wa parking, Théodore, aliyekuwa amevaa suti kwa ajili ya sherehe hiyo, alinitazama kana kwamba nimemtemea mate.

Najua walichokitaka. Mtu aliyekatwa mguu wa kulia chini ya goti baada ya kubanwa na lori anatakiwa awe mpole. Akae kwenye kibanda chake cha kuuza vocha za simu, aseme asante kwa kila kitu. Mimi nimebeba abiria mjini Bunia tangu ujana wangu, na upole sikuwa nao hata nilipokuwa na miguu miwili.

Mke wangu Régine alinisikiliza hadi mwisho huku akipanga kwenye beseni samaki wake wa kuuza, waliotoka Tchomia kule ziwani.

"Papa Alliance, weye uko na kichwa nguvu," akasema, akiniita kwa jina la mtoto wetu. "Moto ilishakula muguu moya. Unataka ikule ya pili? Nunua. Lakini miye, juu ya moto yako, sitapanda hata siku moya."

Kauli hiyo ilinichoma kuliko suti ya Théodore. Kabla ya ajali Régine alikuwa abiria wangu wa kwanza kila asubuhi, yeye na beseni lake. Sasa alikuwa akipelekwa sokoni na vijana wa parking, mbele ya macho yangu, nami nikimpungia mkono kutoka kibandani.

Basi nikaenda kwa mfanyabiashara mmoja wa mtaani kwetu, Bigo, anayeleta pikipiki kubwa kutoka Kampala. Hizi ndogo za teksi nazijua vizuri, nazo zinatosha kwa kazi. Mimi sikuwa natafuta kazi. Nilitaka mashine kali inayomdai dereva wake mzima, isiyokubali kuendeshwa na nusu mtu. Nikiiweza hiyo, atakayenihurumia atafute pa kupeleka huruma yake.

Alikuwa na za aina wanayoiita uchi: hazina mavazi ya plastiki mbavuni, injini yote iko nje unaiona. Ya kwanza ilikuwa nyekundu, ya silinda nne, nzuri kupita kiasi. Nilipoikalia, mguu wa kushoto ukagusa chini kwa ncha za vidole tu. Mimi kila nikisimama lazima nilale upande wa kushoto, hivyo kiti kirefu kingeniua kwenye jiwe la kwanza. Nikaiacha, na roho iliniuma. Ya pili ilikuwa ya kijivu, silinda mbili, nyepesi, kiti chini. Niliizungusha uani na kuona nguvu yake inaanza mapema, haingoji injini ipige kelele. Nikaichukua. Pesa nilizipata kwa kuuza shamba la marehemu baba huko Mahagi, na maneno ya ndugu zangu juu ya jambo hilo nimeyasikia yote.

Tatizo lilikuwa breki ya nyuma. Kwenye pikipiki zote hukanyagwa kwa mguu wa kulia, na mguu wa bandia haujui umekanyaga kiasi gani. Fundi Kamate alifikiri, akakuna kidevu, akasema tunaweza kuihamishia kwenye mkono wa kushoto: kijiti kidogo chini ya mpini wa klachi, nikisukume kwa kidole gumba. Nikamwagiza pia abadilishe mipira ya breki aweke iliyofumwa kwa nyaya za chuma, akaze springi ya nyuma, aweke matairi yenye meno ya kushika vumbi letu, na wavu wa kuzuia mawe mbele ya rejeta. Nikaenda zangu.

Niliporudi nilikuta pikipiki yangu imevalishwa.

Huku kwetu kila pikipiki mpya hupita kwa mchomeleaji kabla haijabeba hata mbuzi. Inafungwa vyuma vya ubavuni na keria ya nondo inayoweza kubeba godoro, mgonjwa na shangazi yake. Mikono ya Kamate imezoea hivyo, na haikuuliza.

"Ni nini hii?" nikasema.

"Hii chuma itakukinga ukianguka, vié," akasema Kamate, akiniita mzee kwa Kifaransa chetu.

"Miye sitengeneze moto ya kuanguka. Toa."

"Weye uko na muguu moya!"

"Njo maana! Hii chuma yote, nikisimama, ni muguu yangu ya kushoto njo itaibeba. Toa yote."

Alikata vyuma vyake huku amenuna, cheche zikimrukia, bila kunitazama. Lakini kijiti cha breki alikuwa amekitengeneza vizuri mno. Nilimwambia hivyo.

Kidole gumba nacho kinafundishwa. Mwanzoni nilikisukuma kwa hasira, gurudumu likafunga, nikaanguka mbele ya wanawake waliokuwa wakianika mihogo, wakacheka hadi wakashika viuno. Nikainuka, nikawasalimu, nikawasha tena. Kila asubuhi nilirudi mahali palepale, hadi wakachoka kunitazama. Hapo nikajua nimeiweza.

Ikabaki kuinywesha. Huku kitu kipya lazima kimwagiwe kinywaji na wenzako wanywe nawe. Pikipiki isiyonyweshwa ni kama umeiazima, na mwenye nayo hana heshima kwenye parking yoyote. Tulitangaza Jumamosi mchana, nyumbani Bigo. Régine, ambaye bado alikuwa hajaigusa mashine ile hata kuifuta vumbi, alikaanga samaki. Tukaweka kreti ya bia kwa Wakatoliki na kreti ya sukre, yaani soda, kwa walokole.

Akaja Kamate peke yake. Viti vyote vilibaki vitupu, nzi wakaanza kuzoea samaki. Nikampigia Théodore, nikaiweka simu kwenye spika ili Régine asikie.

"Ile yetu ulikataa," akasema. "Ya kwako tutakunywa ya nini? Siku utaanguka, siye njo tutakuokota."

Akakata. Niliumia, sioni aibu kusema. Kwa mara ya kwanza tangu hospitali nilitaka kuingia ndani nilale.

Régine alikuwa amesimama. Alikifunga kitenge chake upya, kwa nguvu, akainua kreti ya sukre.

"Inyuka," akasema. "Hawakukuya, siye tutawaendea."

"Niite taksi?"

"Taksi ya nini? Moto haiko hapa?"

Kamate akakohoa. "Kama mungeniachia ile keria..."

"Nyamaza, Kamate," tukasema pamoja.

Akakaa nyuma yangu, kreti katikati yetu, mkono mmoja umeikumbatia, mwingine umeshika shati langu. "Sipande moto yako," akaniambia sikioni. "Niko napeleka kinywaji."

Nilishuka mteremko wa Bigo taratibu kuliko nilivyowahi kushuka. Changarawe ilikuwa inateleza, chupa zinagongana mgongoni mwangu, na mara mbili nilisikia ngumi yake ikikaza shati. Kidole gumba kilifanya kazi yake yote. Tulipofika kwenye lami niliiachia kidogo tu, ile injini ikavuta.

Parking yote ilisimama ilipotuona. Nikabonyeza breki, nikalaza mashine kushoto, nikashusha mguu. Régine akaachia shati langu, akakumbatia kreti kwa mikono yote miwili. Théodore akaja mbio, akashika usukani upande wa kulia kwa mikono yote miwili, jinsi unavyomshika mgonjwa asidondoke kitandani. Wenzake wawili wakaja nyuma yake kusaidia.

"Toa mukono, Président," Régine akasema.

"Mama, ataanguka."

"Miye niko juu, na sishike mutu. Weye uko chini, unaogopa nini? Toa mukono."

Théodore akaachia. Mguu wangu wa kushoto ulitetemeka, sitasema uongo, lakini ulibeba pikipiki, mke na kreti. Hakuna aliyesogea. Kisha Théodore akachomoa chupa moja, akaifungua kwa meno, akamwagia gurudumu la mbele hadi povu likaisha.

"Sawa," akasema. "Mukaribie tukunywe. Mama, shuka, kijana moya atakurudisha kwako."

Régine alimpa kreti, akabaki amekaa.

"Mukunywe," akasema. "Miye nitarudi na bwana yangu."