Mikate Miwili Yenye Chachu

Tulimzika mama wiki ya Pasaka. Tangu siku hiyo baba hakukanyaga kanisani, nami sikulia. Wateja waliponipa pole nilisema asante, nikawafungia mikate yao, nikamhudumia anayefuata.

Mchungaji alinipa nifundishe kanisani somo la Pentekoste: sikukuu ya Wayahudi ya mavuno ya ngano, na maana yake kwetu Wakristo. Akataka na mikate miwili ya kuonyesha, kutoka tanuri letu. "Ailete baba yako mwenyewe," alisema.

Nilimfikishia baba maneno hayo. Aliendelea kukanda.

"Mkono huu hauendi madhabahuni."

Sikuuliza kwa nini. Siku mama alipoanguka hapa dukani, baba alikuwa kilabuni akinywa, simu ameizima.

Nilitaka jambo moja tu, aje. Nilitaka hivyo pasipo hisia, kama mtu anavyokumbuka kwamba hajala.

Jumamosi asubuhi nikaoka mikate ile mwenyewe, bila hamira, kama ya meza ya Bwana. Shangazi, dada yake baba, anayekaa kaunta, akagonga mmoja kwa kucha.

"Mwalimu, unafundisha au unaezeka? Hivi ni vigae!"

"Ya kanisani haitiwi chachu, shangazi."

"Basi wapelekee mafundi."

Sikucheka. Nikafungua Maandiko nimwonyeshe. Nikasoma mara mbili. Nilikuwa nimekosea: mikate ya sikukuu hiyo iliagizwa itiwe chachu.

Baba akageuka. "Chachu? Si mnatufundisha chachu ni dhambi?"

"Ndiyo, baba."

"Na Mungu akaitaka mbele zake?"

Nikamweleza kwa sauti ile ile ninayotajia bei. Kwamba mkate wa Pasaka hauna chachu kwa kuwa ni mfano wa Kristo, asiye na dhambi. Siku hamsini baadaye inakuja mikate miwili ya mavuno, na hii ni mfano wa watu: Wayahudi na mataifa mengine. Iliinuliwa mbele za Mungu ikiwa na chachu yake ndani, na sadaka ya dhambi ikatolewa pamoja nayo. Siku hiyo hiyo ndipo Roho alipowashukia wanafunzi, nao majuma machache tu nyuma walikuwa wamemkimbia Bwana wao.

"Walimkimbia," baba alirudia.

"Mmoja hata akamkana."

"Kaka, huo unga unaunyonga," shangazi alisema taratibu.

Baba akaachia donge. Akanawa mikono, muda mrefu. Kisha akachota hamira, akaikoroga kwenye maji ya vuguvugu, akasimama kuitazama ikitoa povu.

Jumapili alifika wimbo wa pili ukiimbwa, mikate ameifunga kwa kitambaa safi. Aliganda mlangoni mpaka shangazi akamsukuma kwa kiwiko.

"Songa, unaziba watu."

Akatembea hadi mbele. Mchungaji akanyoosha mikono kuipokea, baba hakuiachia. Labda alishindwa. Mchungaji hakumvuta, alimshika mikono kwa chini, akainua vyote pamoja, mikate na mikono iliyoishika.

Mabega ya baba yalikuwa yanatetemeka. Nilisubiri na mimi nisikie kitu moyoni. Hakuna kilichokuja. Nikamsogezea kiti karibu na changu, akaketi, nami nikasimama kufundisha.