Bendera ya Bitana

Bendera ya nyumbani kwangu haina mfano mtaani. Mimi ni fundi cherehani, nimeishona mwenyewe kwa kitambaa kizito, pindo mara mbili, na kila asubuhi naipandisha nikiwa nimechomekea shati. Mke wangu hunitania kwamba hata yeye sijawahi kumtazama hivyo. Namwambia aache wivu.

Kwa hiyo wiki moja kabla ya siku ya uhuru, nilipoiona bendera ya jirani yetu, mpishi wa shule, damu ilinichemka. Rangi zilikuwa zimechuruzika, ya juu imeingia kwenye ya chini, na ukingoni nyuzi zinaning'inia. Nilisimama barabarani, watu wakipita, nikampazia sauti.

"Dada, hiyo ni bendera au dekio? Wengine mmepewa nchi bure, hata kuitunza hamjui."

Neno "mmepewa" nililichagua, na leo naona haya hata kulirudia. Mtaa mzima unajua kwamba yule mama aliingia nchi hii akiwa mtoto, wazazi wake wakikimbia vita, na uraia aliupata ukubwani. Aliishusha bendera, akaikunja vizuri, akaingia ndani.

Kesho yake alikuja dukani kwangu na bendera yake kwenye mfuko.

"Hamjambo hapa? Fundi, nimekuja unielekeze. Nadhani nilikosea kuifua. Niliinunua hapa hapa kwako mwezi uliopita, nikijua kwa fundi kama wewe nitapata kitu cha maana."

Niliitandaza mezani. Mshono ulikuwa wangu. Kitambaa kilikuwa bitana, ile nyepesi ya kuwekea suruali kwa ndani, ambayo hutoka rangi ikiguswa na maji. Bendera za ofisi hukaguliwa, kwa hiyo nazishona kwa kitambaa chenyewe. Za majumbani nilisema, nani atajua? Mke wangu, aliyekuwa kwenye cherehani ya pili, aliacha kukanyaga. Siku ya kuzikata aliniambia niache, nikamwambia asinifundishe kazi.

"Mama alinileta huku mgongoni," mpishi akaendelea. "Hapa nimesoma, nimeolewa, nimezaa. Kila nikiipandisha huwa nasema asante kimoyomoyo, maana sina kingine cha kurudisha. Sasa tazama nilivyoiharibu."

Ningeweza kusema pale pale. Tulikuwa watatu tu, na mmoja wetu alikuwa anajua tayari.

"Ni sabuni," nikasema kwa macho makavu. "Sabuni yako kali mno."

Akanishukuru, akaenda zake. Mke wangu akarudia kukanyaga cherehani, amenipa mgongo mpaka tunafunga duka. Nilitamani hata anitukane.

Jumapili kulikuwa na kikao cha wakazi. Mpishi akaomba nafasi, akasimama mbele ya watu, mikono ameishika kwa mbele.

"Jirani zangu, niliidhalilisha bendera kwa kutojua kufua. Fundi amenielewesha. Naomba radhi kwenu, na kwa nchi iliyonilea."

Mwishoni sauti ilimkatika, na mwanamke aliyekaa karibu naye akamshika mkono. Aibu ilinipanda mpaka masikio yakawaka moto. Nilitazama sakafu, nikaomba kikao kihamie kwenye habari ya maji na takataka. Mwenyekiti akanigeukia mimi niliyelalamika, akaniuliza kama nimeridhika.

Mke wangu alikuwa ananitazama. Nikasimama, nikakohoa, nikasema nimemsamehe.