Mshona Mikia

"Hayo mavazi yana mkia?" Wilkister aliuliza.

Hakuna aliyemsikia. Sebuleni kwa Obura kila mtu alikuwa akisema wakati mmoja, na katikati ya zulia Cindy, mtoto wa miaka mitano, alikuwa amelala kifudifudi akilia kwa Kiingereza. Tangu asubuhi alikuwa amekataa chai, akakataa mkate, akakataa hata kubebwa. Baba yake, Obonyo, aliyekuwa amefika Kitengela wiki hiyo kutoka Amerika na mabinti zake wawili kumwona mama yake, alikuwa anajieleza kwa mara ya tatu.

"Kesho ni Halloween, Mama. Huko kwetu watoto wote wanavaa. Huyu simba, yule mzuka. Wanapiga hodi kwa majirani, wanapewa peremende. Cindy alikuwa awe paka. Mwaka mzima anangoja hiyo siku moja, na mimi nikawaleta huku bila kuangalia kalenda."

"Mzuka?" Mama yake alikaa wima kwenye kochi. Wajukuu walimwita Dani, nyanya kwa Kijaluo, na siku hizi hata watoto wake wakubwa walimwita hivyo. "Katika nyumba hii? Pasta ameomba hapa juzi tu."

"Ni mchezo, Dani."

"Mchezo wa mizuka hauko."

Wilkister akauliza tena, safari hii kwa sauti, kutoka mlango wa jikoni, sinia ya viazi mkononi. "Shemeji, hayo mavazi ya paka. Yako na mkia?"

"Yako nao."

"Mweusi, mrefu hivi? Ndani pamba, na pale unaposhikana na suruali kuna kitambaa cha mraba kimekunjwa mara mbili?"

Sheryl, dada mkubwa wa Cindy, alimtazama akasema kitu. Obonyo akacheka. "Anauliza umejuaje, auntie yake."

"Mimi ndiye naishona hiyo mikia," Wilkister akasema.

Ilikuwa kweli. Huu ulikuwa mwaka wa 2004, na Wilkister alikuwa na miaka minne katika kiwanda cha nguo upande wa Athi River. Kwenye laini, ile safu ya mashine za kiwandani, hakuna mtu anayeshona nguo nzima. Mmoja anashona bega, mwingine kola, mwingine anatia zipu kutwa nzima, na kipande kinasukumwa mbele kwa jirani. Wilkister alikuwa wa mikia. Kuanzia Februari mpaka Julai alishona na kugeuza mikia ya paka, mikia ya nyani, na mkia wa kitu cha kijani chenye miiba mgongoni ambacho supavaiza alikiita joka. Kisha makontena yaliondoka, nao wakarudi kwenye kaptura. Nguo hizo za mikia zilivaliwa na nani, hakuna aliyewaambia. Wilkister alidhani ni za sarakasi. Ndunge, rafiki yake aliyeshona masikio, alishikilia kwamba ni za mbwa wa matajiri.

"Basi ni za watoto," Wilkister akasema polepole, kana kwamba anajiambia mwenyewe. Aliweka sinia chini. "Nitamshonea."

Obura, kaka yake Obonyo na mkubwa wa ukoo, mwenye nyumba, mwenye kazi ya serikali Nairobi, alitabasamu. Hakuwa mtu mbaya. Ndugu yake, mume wa Wilkister, alipofariki, ndiye aliyemleta Wilkister Kitengela na kumlipia kodi ya kwanza. Lakini kanisani alimjulisha kwa watu hivi: huyu ni shemeji yetu, anajishikiza tu huko viwandani. "Wewe unashona mikia, shem," akasema. "Si huyo paka atakuwa mkia mtupu?"

Wote wakacheka, na Wilkister akacheka nao. Obura alikuwa amesema ukweli. Tangu azaliwe hakuwahi kushona vazi moja likaisha.

"Nipeeni mpaka kesho saa nane," akasema.

Dani aliinua kidole. "Kama ni wanyama, sawa. Wanyama wameumbwa na Mungu. Mzuka nisione. Na jambo lingine: mjukuu wangu hapigi hodi kwa mtu kuomba. Akienda kwa jirani, anabeba kitu."

"Lakini Dani," Obonyo akaanza, "maana ya hiyo siku ni..."

"Njugu," Dani akasema, na mke wa Obura akainuka kwenda kutafuta sufuria.

Kufikia saa tisa alasiri baraza ya Obura ilikuwa imegeuka laini ya kiwanda. Ndunge alikuja na cherehani yake ya mkono kichwani, na nyuma yake akaja Maundu, mkataji wa kiwandani, mwanamume mwembamba asiyesema sana, mkasi wake umefungwa ndani ya gazeti. Kitambaa kilitoka popote: pazia kuukuu, koti la Obura lililoliwa na nondo, sweta tatu za mitumba, gunia jipya la sukari. Habari ilikuwa imeshasambaa. Binamu wote walitaka. Paka mmoja alikuwa amegeuka wanyama tisa.

Paka alikuwa wa kwanza, na paka aliharibika. Walimshona kama walivyozoea, kila mtu kipande chake, na vipande vilipoungana Cindy hakuweza kukaa. Akiinama, kofia ilimvuta shingo. Akichuchumaa, kitambaa kililia katikati ya miguu. Kiwandani mtu mwingine, mahali wasipopajua, alikuwa ameshayafikiria hayo yote kabla kitambaa hakijawafikia.

"Masikio ni mazuri," Ndunge akajitetea.

"Masikio ni mazuri," Wilkister akakubali. "Paka ndiye mbaya."

Akachukua wembe akalifumua vazi lote. Kisha akamwita Cindy, akampakata, akachukua kamba ya katani akampima: kutoka kisogoni mpaka kitakoni, akiwa amesimama, halafu tena, akiwa amechuchumaa. Tofauti ilikuwa upana wa kiganja. Akafunga fundo kwa kila kipimo. Akampa Maundu kamba.

Maundu aliitazama fundo kwa fundo. "Hivi ndivyo wale wanaotuchorea wanajua," akasema.

"Nadhani."

Kuanzia hapo Wilkister ndiye aliyesema. Kata hapa, acha hapa, zipu ingoje, mguu kwanza. Hakujua ameyajua lini. Labda miaka minne ya kusukumiwa vipande na kuvisukuma mbele ilikuwa imeacha kitu vidoleni. Jua lilipozama walikuwa na paka, simba na pundamilia wa kupakwa mistari kwa makaa. Alfajiri wakaanza tena. Wakati wa chai Dani alitoka nje, akaangusha blanketi la kahawia karibu na cherehani.

"Hilo linafaa nyani," akasema, akarudi ndani.

Jumapili saa nane, baada ya kanisa, lango la Obura lilifunguliwa. Alitangulia Cindy, kisha Sheryl akiwa twiga wa pazia la maua, kisha wengine kwa urefu wao, kila mmoja na kikaratasi cha njugu mkononi. Wakubwa wakafuata. Mbuzi wa Naisenya, jirani muuza maziwa, walimwona simba wakavunja safu na kutimua mbio kuelekea barabara ya Namanga. Naisenya mwenyewe alikaa chini kwenye debe lake akicheka mpaka akashika mbavu.

"Supa, watoto!" akawasalimu kwa Kimaasai. "Ero, nani amefanya hii?"

"Auntie Wilkister!" wakaitikia tisa kwa pamoja.

Dukani kwa Mzee Hilowle walipiga hodi ingawa mlango ulikuwa wazi. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Alikuwa amekaa nyuma ya kaunta, midomo mikavu, tasbihi mkononi. Aliwatazama mmoja mmoja kwa makini, kama mnunuzi kwenye soko la mifugo. Cindy akampa njugu.

"Nitafungua saumu na hizi," akasema kwa adabu. Akachota peremende kwenye chupa, wala hakuna aliyeziomba. Kisha akaugeuza mkono wa Sheryl, akapitisha kidole gumba kwenye mshono. Alikuwa ameuza nguo Garissa kabla ya kuuza sukari. "Huu ni mkono wa fundi. Mmenunua wapi? Nairobi?"

Obura ndiye aliyejibu. Alikohoa kwanza. "Ni shemeji yangu huyu ameshona, mzee. Wilkister. Yeye hushonea Amerika." Kisha akaongeza, "Nguo nzima nzima."

Wilkister alisikia, lakini hakuwa akimtazama Obura. Alikuwa akimtazama Cindy, aliyekuwa ametoka dukani mbio, peremende shavuni. Maelfu ya mikia ilikuwa imepita mikononi mwake, akaihesabu kumi kumi, akaifunga, akaisukuma mbele, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuuona mmoja ukikimbia. Ulikuwa unakwenda kushoto, kulia, ukipiga vumbi la Kitengela, ukimfuata mtoto kila alikopinda.

"Ndunge," akasema. "Ona."

"Naona," Ndunge akasema, akajifuta macho na ncha ya leso. "Na masikio pia, ona."

Jioni watoto walilala walipoangukia, simba juu ya nyani, na mama zao hawakuwa na moyo wa kuwavua. Obonyo alikuwa amepiga picha mpaka filamu ikaisha. Wilkister aliokota vipande vya uzi barazani, akafagia, akaingia ndani kuaga, maana kesho laini ingeanza saa moja kamili.

"Nyar Ugenya," Dani akaita. Binti wa Ugenya. Hivyo ndivyo alivyomwita siku ya kwanza alipoolewa, na hakuwa amemwita hivyo tangu mazishi ya mumewe. "Nipime."

"Nikupime nini, Mama?"

"Gauni. La kanisa."

"Sijawahi kushona gauni la mtu mzima."

"Na jana asubuhi ulikuwa umewahi kushona twiga?"

Dani akainuka polepole, akavua kitambaa cha kichwa akakiweka kwenye kochi, akapita katikati ya wanyama waliolala. Akasimama juu ya zulia, akanyoosha mikono yote miwili pembeni, kidevu juu, macho mbele, kama mtu anayepigwa picha, akangoja.