Utunzi wa Kitsao

Mwaka 1984 Badawi Zein alialikwa kupiga saksafoni Ikulu ya Mombasa, mbele ya wageni wa serikali. Malindi nzima ilijua. Hakukuwa na mpiga jazi wa pwani aliyevuma kama yeye, na wimbo uliomvumisha ulitungwa na Kitsao, mpiga tarumbeta wake tangu ujanani.

Kitsao alikuwa ameajiriwa miaka mingi kwenye mashamba ya chumvi, Marereni. Mng'ao wa ile chumvi juani ulimharibia macho. Kufikia mwaka ule alikuwa hatembei ila kwa kushikwa mkono.

Siku tatu kabla ya safari Badawi alimwendea. "Ndugu yangu, mara hii pumzika. Kule kuna ngazi, kuna walinzi. Sitaki uhangaike."

"Unanionea haya?"

"La, hasha."

Alikuwa akimwonea haya, na wote wawili walijua.

Ikulu alipiga ule wimbo mpaka ukumbi ukanyamaza, kisha makofi yakalipuka. Mtangazaji wa redio, aliyekuwa akirusha hafla ile hewani, akamsogezea kipaza sauti. "Bwana Badawi, huu ni utunzi wa nani?"

Wakubwa walikuwa wakimtazama, wanatabasamu.

"Wangu," akasema.

Kesho yake alikwenda Marereni moja kwa moja. Jedida, mkewe Kitsao, alikuwa akichambua mchicha uani. Aliitikia salamu bila kuinua uso. Kitsao alikuwa ameketi kivulini.

"Tulisikiliza sote," Kitsao alisema. "Majirani walijaa hapa. Niliwaambia wangoje, nitatajwa."

Badawi alichutama mbele yake. "Nisamehe. Nitaandika barua redioni, waseme ukweli."

"Andika." Kitsao alijibu. "Ila pale katikati uliharakisha. Pale panataka pumzi."

Badawi aliandika barua mbili. Hakuna iliyosomwa. Kila Ijumaa alimpelekea Kitsao samaki, wakazungumza habari za watoto na mvua, muziki hawakuutaja. Kitsao hakuishika tarumbeta tena. Alifariki mwaka 1986, kabla ya mvua za masika.

Siku ya mazishi Badawi alifika na saksafoni yake. Jedida akamlaki njiani, macho yamevimba.

"Karibu, shemeji. Lakini hicho chombo kiache garini."

Akakirudisha. Kisha akaenda kusimama nyuma ya waombolezaji, mikono mitupu, kwaya ya kanisa ikaanza kuimba.